Ekari Tatu Kwenye Pindo la Kanga

Rukaya alipokwenda kumuaga bibi yake alimkuta uani anapukuchua mahindi ya mbegu. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, na gari la Korogwe lilikuwa linapita saa sita. Mkononi alikuwa na mfuko wa nailoni wa duka la viatu. Ndani yake mlikuwa na cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, bangili ya fedha ya marehemu mama yake, na hati ya kimila ya shamba la ekari tatu, yenye mihuri yake yote na picha ya Rukaya amekunja uso.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Ndiyo umeamua kuniachia mume peke yangu?"

Huyo mume alikuwa amekufa miaka kumi na mmoja nyuma, lakini utani wa bibi na mjukuu haukomi kwa jambo dogo kama hilo.

Rukaya alikuwa anakwenda Maskati kufua mashuka ya hoteli, mkataba wa miaka miwili. Wakala alimwambia abebe pasi ya kusafiria na nguo, vitu vingine aviache nyumbani mahali salama. Maneno mazuri, ila wakala hakuwahi kufika Kwedigulu, kijiji kilichoko upande wa Handeni unaotazama Korogwe. Pale mtu akiweka karatasi kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, mchwa wanazisoma kabla yake. Ofisi ya kijiji ilikuwa na kabati lenye kufuli kubwa mbele, ila nyuma halikuwa na ubao. Kumwachia kaka yake Faraji nako Rukaya alikufikiria, akakuacha. Kwa Faraji kulikuwa na mchwa, na kulikuwa na Faraji.

Lilibaki pindo la kanga ya bibi yake, Bibi Mwaija, na humo ndimo watu wengi walimoweka vitu vyao.

Wanawake wengine hufunga pindoni noti moja, kidonge cha kichwa, au ubani kidogo. Pindo la Bibi Mwaija lilikuwa halichagui. Lilikuwa na redio ya marehemu mume wake, cherehani cha miguu cha Yuditha aliyehamia Afrika Kusini, jiwe la kusagia, na milango miwili ya Ramadhan ambaye nyumba yake haijafika kwenye milango mpaka leo. Kitu kikiwa kikubwa alikikunja kwanza, nacho kikakunjika. Akikifunga, fundo lilikuwa la ukubwa wa fundo, basi. Alirithi mambo hayo kwa mama yake, na sharti lilikuwa moja ambalo kila mtu alilijua: fundo hufunguliwa na mkono uliolifunga, si mwingine. Mama yake alifariki ghafla akiwa na mbuzi wa watu pindoni, ukoo ukalazimika kutoa mbuzi mwingine. Tangu siku hiyo watu wa Kwedigulu humwuliza Bibi Mwaija hali ya afya yake kwa makini zaidi kuliko wanavyowauliza wazee wengine.

Bibi aliitazama ile picha kwenye hati. "Hapa nani alikuudhi?"

"Mpiga picha alisema nisicheke."

"Ukamsikiliza! Mimi nikikwambia usiende, husikii."

Akaikunja hati pamoja na vyeti, akatia bangili katikati, akafunga. Rukaya alilishika lile fundo, akalibonyeza kwa kidole gumba. Alikuwa amejizuia tangu asubuhi, sasa akashindwa.

"Bibi, cheti kikipotea nitaomba kingine. Hilo shamba ndilo lenyewe. Nikirudi ndipo nitakapojenga, ndipo nitakapolima. Sina pengine duniani."

"Najua. Nenda, gari lisikuache."

Shamba alipewa na marehemu baba yake, Mzee Athuman, mbele ya majirani, mwaka wapimaji walipokuja na vifaa vyao vya kuongea na mbingu. Faraji naye alipewa lake siku ile ile. La Faraji liliuzwa kabla wino haujakauka, likawa pikipiki.

Rukaya alipiga simu kila Ijumaa. Aliulizia afya ya bibi, kisha aliulizia shamba kama mtu anavyoulizia mgonjwa. Bibi alikuwa ameliweka mahindi, akimlipa mtu kwa mahindi hayo hayo, na kila Ijumaa alitoa taarifa. Yameota. Yamefika gotini. Ndama wa jirani Koisaba ameingia, nimemtoa.

Masika ya pili yalipokolea, Faraji alikuja kwa bibi akiwa amevaa shati la mikono mirefu, jambo ambalo peke yake lilikuwa habari mbaya.

"Bibi, ile hati ya Rukaya, naomba niione tu mara moja."

"Uliifunga wewe?"

"Hapana."

"Haya, keti unywe uji."

Faraji hakuwa mtu mbaya, na ni vizuri hilo likasemwa mapema. Alimchotea bibi yake maji kila asubuhi, alicheka haraka, na akipata samaki alileta. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu: ardhi ikikaa bila kuuzwa ilimnyima usingizi. Sasa alikuwa amempata Bwana Valerian, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Korogwe mjini, aliyekuwa anatafuta mahali pa kupanda michungwa. Faraji aliona mambo yamejipanga yenyewe. Dada yuko Uarabuni, analala hotelini, anakanyaga zulia, ekari tatu za vumbi la Handeni za nini? Kwamba dada alikuwa analala chumba kimoja na wanawake saba nyuma ya mashine za kufulia, hilo Faraji aliambiwa, ila lilipita.

Hati ilipogoma kutoka pindoni alikwenda ofisi ya kijiji. Hati ya kimila huwa na nakala: moja ya mwenyewe, moja ya kijiji, moja ya wilaya. Bibi Mwaija alikuwa amefunga moja. Hapo ndipo kosa lilipokuwa, na halikuwa la bibi peke yake, maana Kwedigulu nzima iliamini kuwa mtu akishafungiwa karatasi basi amefungiwa na mali yenyewe.

Mtendaji wa kijiji, Bwana Kibwana, aliitoa nakala kabatini kwa upande wa nyuma, kwa kuwa ufunguo wa mbele hakuwa nao. Akasema kinachotakiwa ni barua ya ridhaa ya mwenye shamba. Faraji akaiandika pale pale mezani, na Rukaya akaridhia kwa dole gumba. Dole lilikuwa pana na lina oili ya pikipiki.

Kibwana aliliangalia. "Hili dole la mwanamke?"

"Kule anafanya kazi ngumu sana, mtendaji."

Kibwana alitikisa kichwa kwa masikitiko. Alikuwa mtu mwenye kuwahurumia wafanyakazi. Akagonga mhuri, wakapanga Bwana Valerian aje Jumamosi kuoneshwa mipaka.

Habari zilimfikia bibi siku ya Alhamisi, zimeletwa na Hiza. Hiza alikuwa Msambaa wa Vugiri aliyehamia bondeni kwa ajili ya mke, na shamba lake la maharage lilipakana na la Rukaya upande wa mashariki. Walikuwa wamemwita akasaini kama jirani wa mpaka.

"Bibi, mimi mtani wako," alisema mlangoni bila kuketi, "na ninavyowatania ninyi Wazigua unajua mwenyewe. Ila hili si utani. Shamba la mwenzetu linauzwa keshokutwa."

Bibi alimpigia Rukaya simu kwa mara ya kwanza katika maisha yake, maana siku zote ilikuwa Rukaya anapiga. Rukaya alikuwa anakunja mashuka. Aliposikia, akakaa juu ya rundo la mashuka masafi ya wageni akalia kwa sauti, na wale wanawake saba wakaacha kazi wakamzunguka bila kuelewa neno hata moja.

"Bibi, lishike," alisema. "Kwa namna yoyote ile, lishike."

"Nyamaza, mke mwenzangu. Nitalishika."

Ijumaa, baada ya swala ya adhuhuri, Bibi Mwaija alivaa kanga mpya, kwa kuwa ile ya zamani ilikuwa imechoka, akaenda shambani. Alilizunguka lote. Mahindi yalikuwa gotini. Kulikuwa na michungwa miwili, kichuguu kimoja, na mawe ambayo Rukaya alianza kuyakusanya kwa ajili ya msingi. Akamfukuza ndama wa Koisaba. Koisaba mwenyewe, Mmaasai aliyekuwa na boma lake upande wa magharibi, alikuwa amesimama kwenye ua wake wa miiba ameegemea fimbo.

"Bibi, unafanya nini?"

"Nakunja."

"Nikusaidie?"

"Shika hiyo kona yenye minyaa, isiburuzike."

Koisaba akaingia, akashika kona. Walikunja kama watu wanavyokunja turubai baada ya shughuli: mara mbili, mara nne, wakapiga piga kutoa upepo, mara nane. Kila walipokunja, maharage ya Hiza na ua wa Koisaba vilisogeleana taratibu, bila kelele, mpaka vikagusana. Bibi akalitia pindoni, akafunga, akakaza kwa meno. Akamshukuru Koisaba, akarudi nyumbani akiwa ameinama kidogo upande wa kushoto.

Jumamosi saa tatu Bwana Valerian alishuka kwenye gari lake na futi kamba ya mita hamsini. Faraji alitangulia, akieleza ukubwa wa shamba kwa mikono kabla hawajalifikia. Wakapita maharage ya Hiza. Wakafika kwenye ua wa miiba.

"Hapa kwa nani?" Valerian aliuliza.

"Kwa Koisaba."

"Na hapo tulipotoka?"

"Kwa Hiza."

"Sasa lako?"

Faraji alitazama kushoto, akatazama kulia. "Juzi lilikuwa katikati," alisema.

Valerian alipima hivyo hivyo, kwa kuwa alikuwa ameshatoka na futi. Kati ya maharage na ua alipata sentimita kumi na tano, na Hiza akasema hizo ni zake. Valerian hakubishana. Alisema amewahi kuoneshwa viwanja vingi visivyokuwepo, ila kawaida huwa anagundua baada ya kulipa, kwa hiyo leo hana la kulalamika. Akaaga watu vizuri, akapanda gari.

Faraji alikwenda kwa bibi yake jasho likimtoka.

"Bibi, shamba liko wapi?"

"Shamba gani?"

"La Rukaya."

"Ehee!" Bibi aliacha kupepeta. "Kumbe ni la Rukaya."

Faraji akajipangusa jasho, akaondoka. Kesho yake alileta maji kama kawaida, ila ndoo aliitua kwa kishindo kidogo.

Kijiji kilizoea upesi. Njia ya kwenda kisimani, iliyokuwa inalizunguka shamba la Rukaya, ilipungua hatua mia na hamsini, na akina mama walioisema sana siku za nyuma hawakuisema tena. Watoto wa kitongoji cha juu walianza kuwahi kengele, mwalimu mkuu akasifiwa. Hiza na Koisaba, ambao zamani walipungiana mikono kwa mbali, sasa walipeana chumvi na maziwa juu ya ua, na wakaanza kugombana kama ndugu. Bwana Kibwana aliona si vizuri kijiji kikae na ramani ya uongo, akaita mchoraji, ikachorwa ramani mpya isiyo na nafasi yoyote pale katikati, ikagongwa mihuri. Ukimwuliza mtu yeyote shamba la Rukaya liko wapi alikujibu bila kusita kwamba liko pindoni kwa Bibi Mwaija, upande wa kushoto. Hakuna aliyelikana.

Kwa bibi nako mambo yalikwenda. Mvua ikinyesha Kwedigulu pindo lilichuruzika, kwa hiyo akiketi aliweka bakuli pembeni. Mwezi wa saba kanga ilianza kunuka mahindi makavu. Bibi alikuwa analegeza fundo kidogo, anaingiza mkono mpaka begani, anavunja. Siku moja aliutoa mkono una alama za meno.

"Una ngedere," alimwambia Rukaya Ijumaa hiyo.

"Mkubwa?"

"Wa kutosha."

Mwezi wa kumi na moja Bibi Mwaija akaumwa kifua, akashindwa kuamka. Watu walikuja kumjulia hali, hata wale waliokuwa hawapiti kwake, na kila mmoja baada ya kusema pole aliulizia kitu chake. Bibi hakuchukia. Aliegemezwa ukutani, akafungua mafundo yake moja baada ya jingine. Cherehani kikatoka, kikachukuliwa na dada wa Yuditha. Milango ikatoka, Ramadhan akaibeba akaiegemeza kwenye msingi. Redio ya marehemu ilitoka bado inaongea, katikati ya taarifa ya habari ya miaka kumi na miwili iliyopita, na waliokuwepo waliisikiliza mpaka mwisho kwa heshima. Hati na vyeti vya Rukaya vikatoka, akavitia chini ya mto pamoja na bangili. Likabaki fundo moja.

Mganga wa zahanati alimpima, akamwita Faraji pembeni akasema wiki moja. Bibi alisikia. Akamwambia mganga kwamba wiki moja haimtoshi, anamsubiri mtu, na akajiongezea saba.

Wiki hizo zilikuwa za pasi. Pasi ya Rukaya ilikuwa kwenye droo ya ofisi ya hoteli pamoja na pasi za wenzake wote, kwa usalama, ndivyo walivyoambiwa siku ya kufika. Ufunguo wa droo alikuwa nao meneja, na meneja alikuwa likizo. Aliporudi alisema atafikiria. Rukaya alimwendea kila asubuhi kabla ya zamu, akasimama mbele ya ile droo. Alikuwa na hasira ambayo hakujua aiweke wapi, akawa anaipigia pasi. Mashuka ya hoteli ile hayajawahi kunyooka kama miezi ile miwili.

Alishuka Korogwe asubuhi moja ya Januari, na saa sita mchana alikuwa ameshika mkono wa bibi yake.

"Umekonda, mke mwenzangu."

"Hata wewe, bibi."

"Mimi nilikuwa nimebeba shamba. Wewe ulibeba nini?"

Rukaya alicheka, kisha akalia, kisha akapangusa uso kwa upande wa kanga usio na shamba. Bibi akafungua fundo. Vidole vilikuwa havina nguvu tena, akatumia meno yale aliyobaki nayo. Udongo kidogo ulimwagikia kitandani. Kabla halijakunjuka, Rukaya akalipokea kwenye pindo la kanga yake mwenyewe, akafunga kama alivyoelekezwa, kulia juu ya kushoto, akakaza kwa meno. Wote wawili walitazama kama litashika. Likashika.

"Zito," Rukaya alisema.

"Utazoea."

Bibi Mwaija alifariki Alhamisi ya wiki hiyo, saa tano asubuhi, akiwa hana kitu cha mtu. Wanawake waliomwosha walisema alikuwa mwepesi mno, wakalazimika kumshikilia. Makaburini Hiza, kwa haki yake ya utani, alijilaza ndani ya kaburi akasema hapa ni kwake, hatoki mpaka apewe kuku. Akapewa kuku, akatoka analia kuliko wafiwa. Rukaya alimpenda sana siku ile.

Baada ya hitima akaomba kikao. Kilifanyika darasani, asubuhi, Bwana Kibwana akiwa mbele na ramani mpya ukutani. Rukaya alisimama na kanga yake, akaweka hati mezani.

Kibwana aliisoma yote, akailinganisha na daftari. "Hati ni sahihi kabisa," alisema. "Namba ipo, mihuri ipo, picha ni wewe. Shamba ni lako. Kuna anayepinga?"

Hakuna aliyepinga. Watu waliitikia kwa vichwa, wengine wakapiga makofi. Faraji alipiga makofi pia.

"Nashukuru," Rukaya alisema. "Basi nakwenda kulitua."

"Wapi?"

"Mahali pake."

Kibwana aligeuka akaitazama ramani kwa muda mrefu, kwa nia njema. Kisha akamwomba Rukaya asogee amwoneshe yeye mwenyewe mahali pake. Rukaya akasogea. Hapa maharage, hapa ua wa miiba, na katikati yake mstari wa kalamu.

"Hiza," alisema.

Hiza aliinamisha kichwa. "Mtani wangu, mimi nakutetea popote. Ila niking'oa nisogee nakwenda kumwangukia jirani yangu Mama Munira, na Mama Munira ataangukia barabara. Sasa mimi nifanyeje?"

"Koisaba."

"Ng'ombe wamezoea," Koisaba alisema kwa huzuni ya kweli. "Mimi nilishika kona yako kwa mkono wangu, Namunyak mke wangu aliniona. Lakini ng'ombe wamezoea."

Mwalimu mkuu akaomba kusema. Alisema anamheshimu sana Rukaya, alimfundisha hesabu, ila watoto sasa wanawahi. Mama mmoja akasema hatua mia na hamsini na ndoo kichwani mwenzao anazijua, hawezi kuwarudishia mzigo huo wanawake wenzake. Mzee mmoja akauliza, bila ubaya wowote, kwa nini asilipeleke kwa mumewe akalitua huko. Akajibiwa hana mume. Mzee akasema basi shamba si ndilo hilo, aanzie hapo, wanaume wakisikia ekari tatu watakuja kuposa. Darasa likacheka, kicheko cha upole.

"Baba alinipa ardhi pale," Rukaya alisema. "Nilikwenda kufanya kazi. Sikwenda kufa. Kila mmoja wenu hapa anajua ni langu, mmenipigia makofi. Mimi nimekasirika. Naomba kwenye muhtasari mwandike kwamba nimekasirika."

Kibwana aliandika. Alikuwa mtu wa haki katika kuandika.

Faraji alimsindikiza mpaka barabarani, amembebea begi. Njiani alimwambia kwamba angelikuwa ameliuza lile shamba wakati ule, leo wangekuwa angalau wanajua liko wapi. Alisema kwa kumfariji. Rukaya alichukua begi lake.

Alilala siku mbili Korogwe kwa shangazi yake, akauliza huku na huku mahali pa kulitua shamba. Huko Bungu milimani wakamwambia ardhi yao imesimama wima, shamba la bondeni litateleza. Mpale wakamwambia aje na barua ya mtendaji wake. Likizo ikaisha. Uwanja wa ndege ofisa mmoja alilibonyeza lile fundo akauliza ni nini.

"Shamba."

"La biashara?"

"La kula."

Akaliweka kwenye mizani, likawa kilo tano, akamwambia apite.

Jengo la mashine za kufulia kule Maskati lilikuwa na paa la zege, pana, la kuanikia. Lilikuwa halifiki hata robo ekari. Rukaya alifungua fundo Ijumaa moja baada ya zamu, akakunjua taratibu, na shamba likakaa lote. Kona yenye minyaa iliangalia baharini. Ngedere akatoka, akapanda mchungwa, akatazama minara. Msimamizi wa zamu, mama mmoja wa Kerala, alipanda ngazi, akasimama kwenye mpaka akaliangalia kutoka pembe hii mpaka ile. Hakuuliza Rukaya ni binti wa nani wala ameolewa na nani. Alisema tu udongo usiguse mashuka.

Ikawa masika yakinyesha Handeni, mvua inanyesha juu ya paa lile peke yake, na wanawake saba wanakimbia kuanua. Walijifunza kupalilia. Walijifunza kusema "pole na kazi". Mwezi wa saba mahindi yalikuwa yamekauka vizuri.

Mwezi huo huo Bwana Kibwana akapiga simu. Alianza na salamu ndefu, akauliza afya, akauliza kazi, akauliza joto la huko. Kisha akasema kijiji kinakusanya mahindi ya uji wa wanafunzi, debe moja kwa kila mwenye shamba, na kwenye daftari jina lake bado.

Rukaya alikaa chini kwenye tuta.

"Mtendaji, mimi shamba langu liko wapi?"

"Kwenye daftari lipo. Ekari tatu, Kwedigulu."

"Kwenye ramani?"

"Aa, ramani ni jambo jingine."

"Debe langu liko tayari," Rukaya alisema. "Mahindi ya watoto siwezi kuyanyima. Ila kwetu mchango hubebwa shambani kwa mtu. Nioneshe tu mahali pa kuliweka shamba, mje mlibebe hapo."

Kupitia simu Rukaya alisikia kengele ya shule ikilia na watoto wakiitikia, wote wamewahi. Kisha Kibwana akasema amemwelewa vizuri sana, akamtakia kazi njema, akamwombea kwa Mungu, akakata.

Rukaya akarudi kwenye kuvunja mahindi, maana zamu ilikuwa inaanza saa nane. Kule Kwedigulu Bwana Kibwana alifungua daftari, akatafuta jina la Rukaya binti Athuman, ekari tatu, mbele yake akaandika "hajatoa", kisha akashuka kwenye jina linalofuata.